Panya Amepona, Mtu Je?

Kila baada ya miezi kadhaa hupita ujumbe kwenye WhatsApp kwamba tiba ya Ukimwi imepatikana. Huja na picha ya daktari aliyevaa koti jeupe, na chini yake umeandikiwa uwatumie wote unaowajali. Ukiufuata hadi chanzo chake, mara nyingine utakuta habari yenyewe ina ukweli ndani yake. Utafiti upo, majaribio yapo, na waliopona wapo. Ila waliopona ni panya.

Naandika makala haya kwa sababu neno hilo panya huachwa njiani ujumbe unapozidi kusambaa. Na hata likitajwa, hatuelezwi ni panya wa namna gani. Hawa si wale wa darini. Ni panya wadogo wa maabara waliotiwa seli za kinga za binadamu, na ukijua wanavyopatikana utaweza kuipima habari mwenyewe.

Tuanze na shida iliyowafanya watafiti wawatafute. Virusi vya HIV hushambulia seli nyeupe za damu ya mtu, hasa zile ziitwazo CD4, ambazo ni kama makamanda wa jeshi la mwili. Panya wa kawaida ukimdunga virusi hivyo, havimshiki, kwani seli zake ni tofauti na zetu. Mtafiti akawa amekwama: hawezi kumwambukiza mtu kwa makusudi, na panya haambukiziki.

Mlango ulifunguka mwaka 1983 huko Philadelphia, Marekani, pale Melvin Bosma na wenzake walipogundua panya waliozaliwa na kasoro ya jeni inayowanyima kinga ya mwili. Mwili usio na kinga hauna nguvu ya kukataa kitu kigeni. Mwaka 1988, vikundi viwili vya watafiti huko California vikatia seli za kinga za binadamu katika panya wa aina hiyo, na seli zikaishi. Miaka ya 2000 wakazalishwa panya dhaifu zaidi wa kinga, na ndani yao seli za mtu zikastawi vizuri zaidi.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Panya hupigwa mionzi kidogo ili nafasi ipatikane ndani ya uboho wa mifupa yake. Kisha hudungwa seli shina za binadamu, yaani zile seli mama zinazozaa aina zote za chembe za damu. Mara nyingi hutolewa katika damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma mtoto akishazaliwa. Seli hizo hukaa kwenye uboho kama mbegu shambani. Baada ya wiki 10 hadi 12, panya akitolewa tone la damu, hukutwa sehemu kubwa ya chembe nyeupe ni za mtu. Panya huyu sasa anashikwa na HIV. Akipewa ARV virusi hushuka, na akikatiziwa hurudi, kama ilivyo kwetu.

Barazani mtu atauliza: je, huyo si nusu mtu? La. Ubongo wake, moyo wake na umbo lake vyote ni vya panya. Wewe ukitiwa damu ya jirani hospitalini huwi jirani. Maswali yenye uzito ni mengine: mama aliyetoa damu ya kitovu aliombwa ruhusa? Mnyama anateswa bila sababu? Tena ziko aina za panya hawa zinazotumia tishu za mimba zilizotolewa, jambo lililozua mabishano makali Marekani. Hayo ni haki yetu kuyauliza.

Turudi kwenye tiba. Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vikuu vya Temple na Nebraska, Marekani, walitangaza kwamba waliwapa panya hawa ARV za kukaa mwilini muda mrefu, kisha wakatumia mkasi wa jeni unaoitwa CRISPR kukata virusi vilivyojificha ndani ya seli. Katika karibu thuluthi moja ya panya, virusi havikuonekana tena. Habari ikazunguka dunia nzima.

Yaliyofuata hayakuzunguka sana. Mwaka 2022 mkasi huo ulianza kujaribiwa kwa watu wachache. Mwaka 2024 matokeo yalipotolewa, dawa haikuonekana kuleta madhara makubwa. Lakini watu watatu walipoacha ARV chini ya uangalizi wa madaktari, virusi viliwarudia wote. Mmoja alikaa wiki 16 kabla havijarudi, muda mrefu kuliko kawaida, lakini vilirudi.

Kwa nini panya apone na mtu asipone? Panya ana gramu 25 hivi, mtu ana kilo 60 au 70, na mkasi lazima uifikie kila seli iliyoficha kirusi: tumboni, kwenye tezi, hata ubongoni. Panya huwa ameambukizwa kwa wiki chache, mtu kwa miaka. Isitoshe, kinga aliyotiwa panya haijakamilika: hutengeneza kingamwili kwa udhaifu, na baadhi ya seli za mtu hujifunza kazi ndani ya mwili usio wao.

Hata hivyo sisemi kazi hii ni bure. Mwaka 2006 jijini London, vijana sita waliojitolea kujaribu dawa iliyoitwa TGN1412 waliugua vibaya mno, ingawa nyani waliopewa kabla yao hawakudhurika. Seli za kinga za nyani hazikuitikia dawa ile kama zetu. Panya mwenye seli za binadamu anaweza kusaidia kuonyesha hatari ya namna hiyo kabla mtu hajadungwa sindano. Yeye ni daraja, na daraja mtu hupita, hajengi nyumba juu yake.

Kwa hivyo ujumbe ukikufikia, uliza: aliyepona ni nani? Walikuwa wangapi? Waliachishwa dawa, na kwa muda gani? Na kama wewe au mtu wako anatumia ARV, asiruke hata siku moja kwa ajili ya habari ya simuni. Dawa hizo zikitumiwa sawasawa hushusha virusi hadi visionekane kwenye vipimo, na mtu aliyebaki katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Hilo limethibitishwa kwa maelfu ya watu, na dawa yenyewe iko kliniki leo.