"Diski Zimekufa": Lugha ya Taarifa na Utambuzi wa Hitilafu katika Kasha la Kuhifadhia Data

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ya kubaini chanzo cha hitilafu katika kasha la diski, yaani kifaa kinachobeba diski kadhaa na kuzifanya zionekane kwenye kompyuta kama hifadhi moja. Watafiti wengi wa fasihi simulizi huweka rekodi zao humo, na si wote wenye fundi wa karibu. Hoja yetu ni kwamba kosa la kwanza la matengenezo laweza kutendeka kabla bisibisi haijashikwa: katika sentensi inayoeleza kilichoharibika.

2.0 Diski mbili kwa mpigo

Kasha letu lilikuwa na diski 4 zilizopangwa kwa mfumo wa RAID 5. Dhana ya RAID ilielezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika mpangilio huu data hugawanywa kwenye diski zote pamoja na taarifa za ziada, hivyo diski moja ikipotea, yaliyomo hukokotolewa kutokana na zilizobaki. Zikipotea mbili, hakuna cha kukokotoa. Ndani yake mlikuwa na ngano na nyimbo tulizorekodi kwa miaka sita; baadhi ya wasimulizi wamekwisha kufariki, na nakala nyingine hatukuwa nayo. (Kosa hilo ni letu, wala halina utetezi.)

Asubuhi moja taa mbili ziligeuka nyekundu. Fundi wa kituo, mzaliwa wa Bukavu, alituandikia: "Diski mbili zimekufa." Mwenzetu mmoja, aliyelelewa pwani, aliusoma ujumbe huo kama tanzia, akashauri zinunuliwe diski mpya na safu ya diski ianzishwe upya. Hata hivyo, katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kitenzi *kufa* huhusu kifaa chochote kilichoharibika, kikiwemo kinachotengenezeka. Gari lililokufa asubuhi laweza kuwa barabarani jioni. Lau ushauri ule ungetekelezwa, taarifa za kuunganishia safu zingefutwa kwa mikono yetu wenyewe.

3.0 Kutenga sehemu kwa sehemu

Diski mbili kuharibika katika dakika ileile si muhali, ila ni jambo la kutiliwa shaka. Yafaa kwanza kuchunguza vitu vinavyozihudumia kwa pamoja: adapta ya umeme, kebo, bao ambamo diski huchomekwa, kidhibiti, na feni. Kasha lilizimwa, kila diski ikaandikwa namba ya nafasi yake, kisha ikaunganishwa peke yake kwenye kompyuta nyingine kwa kusomwa tu, bila kuandikwa chochote.

Kila diski hutunza kumbukumbu ya afya yake, inayojulikana kama SMART. Idadi ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa ikiongezeka, diski yenyewe inachakaa. Makosa ya CRC ya usafirishaji yakiongezeka huku sekta zikiwa salama, shaka ihamie kwenye kebo na viunganishi. Diski zetu hazikuwa na dalili yoyote kati ya hizo, wala hazikugonga. Diski inayogonga kwa mfululizo huenda vichwa vyake vya kusomea vimeshindwa. Izimwe papo hapo, isijaribiwe tena na tena.

Ilibaki adapta. Diski ya inchi 3.5 hutumia volti 12 kuzungusha mota na volti 5 kwa saketi zake, na inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa zaidi kuliko inapokuwa kazini. Adapta iliyochoka hudanganya: ikipimwa bila mzigo yaweza kuonyesha volti 12 kamili. Tulipoipima kasha likiwa limebeba diski tupu za majaribio, ilishuka chini ya 11. Adapta mpya ya volti zilezile na ampea zisizopungua za awali iliondoa tatizo hilo.

Safu haikurudi yenyewe, kwa kuwa diski mbili zilikuwa zimeachwa nyuma na wenzao. Tulinakili kila diski, sekta kwa sekta, kwenye diski nyingine, ndipo tukalazimisha safu iungane kwa kutumia nakala hizo. Rekodi zote zilisomeka isipokuwa mbili zilizokuwa zikiandikwa umeme uliposhuka.

4.0 Maneno ya taarifa

Tangu hapo fomu yetu ya taarifa haina kitenzi *kufa*. Hatukukiondoa kwa sababu ni Kiswahili kibovu. Kule kinakotumika kinaeleweka vema. Tulikiondoa kwa kuwa kinataja hukumu mahali panapohitaji dalili. Fundi sasa huandika anachokiona: *haizunguki*, *inazunguka lakini haitambuliwi*, *inatambuliwa kisha inakatika*, *inasoma kwa makosa*. La kwanza humpeleka mpokeaji kwenye umeme, la tatu kwenye umeme, kebo na bao, la nne kwenye kumbukumbu za SMART. La pili ndilo gumu, maana kidhibiti na diski hushiriki dalili hiyo, na hapo hakuna njia ila kuichomeka diski hiyo kwingine.