Wembe wa kukunja hautaki nguvu

Na Mwandishi Wetu

ANAYEREJEA nyumbani hubeba kile anachoweza. Mimi nilipovuka mpaka kutoka Kabanga, Tanzania, kuingia Kobero, Burundi, nilikuwa na wembe wa kukunja wa marehemu baba, uliotengenezwa Solingen, Ujerumani.

Makali yalikuwa yamepungua, nikampelekea mnoa visu wa sokoni mwenye gurudumu. Cheche ziliruka, na baada ya dakika mbili nikarudishiwa wembe wenye doa la bluu. Tangu siku hiyo haukushika makali tena.

Kosa lilikuwa langu. Chuma cha wembe huchomwa na kupozwa ili kiwe kigumu. Gurudumu kavu hukipasha moto upya, na rangi ya bluu ikitokea, ujue ugumu umetoka. Hata ukinoa vipi, sehemu hiyo haitatengemaa.

Wembe hunolewa kwa mkono, juu ya kinoo bapa kilicholowa maji. Jiwe lililobonyea katikati hupindisha makali. Lisawazishe kwanza kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo.

Laza wembe, mgongo na makali vyote viguse jiwe. Mgongo ndio unaopima pembe, hivyo usiuinue. Sukuma makali yakitangulia, bila kukandamiza. Ukifika mwisho, geuza wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo, kisha urudi. Kila upande upate idadi ileile, la sivyo makali yataegemea upande mmoja. Wembe butu huanzia jiwe namba 1000, kisha 4000, na kumalizia 8000.

Je, utajuaje kama unanoa sawasawa? Paka makali wino wa kalamu nene, kisha pitisha wembe mara chache jiweni. Palipobaki wino hapajaguswa.

Kabla ya kila kunyoa, upitishe kwenye mkanda wa ngozi uliokazwa, mara 30 hadi 50. Hapo mgongo ndio hutangulia. Makali yakitangulia yatakata ngozi na kuharibika. Ukimaliza kunyoa, ukaushe na kuupaka tone la mafuta usishike kutu.

Kwa mfanyabiashara anayenunua nyembe za mtumba: ulaze kila wembe juu ya kioo. Ukiona mwanga unapenya chini ya makali, au wembe unachezacheza, umepinda. Kataa pia wenye doa la bluu, ufa, au kutu iliyotoboa makali.

Jambo moja lisisahaulike: kunoa hakuui virusi. Damu iliyobaki kwenye wembe huweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B na C. Wembe wa kunoa uwe wa mtu mmoja; kinyozi atumie wembe mpya kwa kila mteja.

Wa baba nimeuhifadhi sandukuni. Nilinunua mwingine, na huo naunoa mwenyewe.