Mlango wa Kidato cha Kwanza

Waulize wazee wa Singida mtu fulani maarufu wa kwao alisoma sekondari wapi. Mara nyingi jibu litaanza na jina la mji mwingine: Tabora, Dodoma, Arusha. Mji wenyewe una sekondari kongwe ya serikali, Mwenge, lakini kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita mtoto wa mkoa huu akifaulu, nyumbani walijua ataondoka. Singida ni mji wa soko, wa minada ya ng'ombe, ngozi, kuku wa kienyeji, alizeti na vitunguu. Malori huja matupu na kuondoka yamejaa. Watoto wake waliofaulu nao walisafirishwa hivyo hivyo.

Shule kongwe hupenda kujieleza kwa majengo yake, wakuu wake wa shule na wahitimu waliopata vyeo. Mimi naona daftari la uandikishaji lina habari kubwa zaidi. Ndilo linaloonyesha nani aliruhusiwa kuingia, na nani alikuwa na mamlaka ya kumruhusu. Katika Singida swali hilo limejibiwa kwa namna tano tofauti ndani ya miaka mia moja, na kila jibu liliacha alama zake.

Jibu la kwanza lilikuwa baba. Waingereza walipoipokea Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walihitaji watu wa kutawala kwa niaba yao, na mwaka 1925 wakafungua shule Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu. Mwaka huohuo alifika Gavana Donald Cameron, ambaye alifanya utawala kupitia machifu kuwa sera ya nchi nzima. Waliounda shule hiyo walikuwa wamelelewa katika shule za bweni za Uingereza, nao wakaleta walichokijua: mabweni, viranja, michezo ya jioni, gwaride. Watu wakaibatiza jina la Eton ya Tanganyika. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alipita hapo, na David Kidaha Makwaia wa Usukuma pia.

Kwa Unyanyembe au Usukuma, kanuni ya "mtoto wa chifu" ilieleweka. Singida ilileta shida. Wanyaturu wa huku hawakuwa na mtemi mmoja wa kuwatawala wote. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa koo, kila ukoo na eneo lake. Waisanzu, kaskazini, walikuwa na watemi, mwanamume na mwanamke, ambao kazi yao kubwa ilikuwa mvua, si kodi. Kwa hiyo kabla ya kupatikana mtoto wa chifu wa kupelekwa shule, mahali pengi ilibidi kwanza apatikane chifu. Wajerumani walikuwa wameanza kazi hiyo kwa maakida na majumbe wao, na Waingereza wakaiendeleza. Hapo ndipo naona kichekesho cha sera hiyo: ilijinadi kuwa inaheshimu mila, huku katika nchi ya Wanyaturu ikitunga mila mpya na kuzifundisha kwa kizazi kilichofuata.

Haikuchukua muda mrefu kabla mtihani haujaanza kushindana na damu. Mfano unaojulikana zaidi hautoki Singida, lakini unaonyesha wazi jinsi machujio mawili yalivyofanya kazi kwa pamoja. Julius Nyerere alikuwa mtoto wa Burito, chifu wa Wazanaki. Alianza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, na mwaka 1937 akaingia Tabora baada ya kuongoza mtihani. Angekuwa na akili ile ile bila baba yule, au baba yule bila akili ile, huenda safari yake ingeishia kwingine.

Jibu la pili lilikuwa kanisa. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wamefika Iramba kabla ya vita, na baada ya Wajerumani kuondolewa, kazi yao ikachukuliwa na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani katika miaka ya 1920. Wakajenga vituo, zahanati na shule ndogo za vijijini, kisha chuo cha ualimu Kinampanda, ambacho leo ni cha serikali. Kwa upande wa Wanyaturu, Wakatoliki walikuwa Makiungu tangu enzi za Wajerumani. Shule hizi zilipokea mtoto kwa kigezo ambacho chifu hakuweza kukizuia: mahudhurio ya mafundisho ya dini. Mtoto wa mchungaji wa mbuzi angeweza kusoma akiwa na mwalimu wa katekisimu aliyemkubali. Mtoto wa familia ya Kiislamu, na Singida wako wengi, alikuwa na sababu ya kusita.

Lakini shule za misheni huku ziliishia chini. Mlutheri wa Iramba aliyetaka sekondari alitazama Ilboru, Arusha, ambako Walutheri walifungua shule mwaka 1946. Waprotestanti wengine walikuwa na Alliance, Dodoma. Na Kiomboi, katikati ya Iramba, katika miaka ya 1950 palikuwa na shule nzuri ya bweni ya Augustana. Ilikuwa ya watoto wa wamisionari. Mzazi wa Kinyiramba aliyeishi jirani na uzio wake alimtuma mwanawe Arusha kwa barabara ya vumbi, huku watoto wa Kimarekani waliotoka mikoa mingine wakiletwa kusoma Kiomboi.

Usafiri wenyewe ulikuwa sehemu ya mchujo. Reli ya kati ilipita Manyoni na Itigi, kusini kabisa mwa mkoa wa leo. Katika miaka ya 1930 tawi lilijengwa kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri, kisha reli hiyo ikang'olewa katika miaka ya 1940. Mji ukarudi kutegemea malori kwa miaka mingi.

Katika muongo wa mwisho wa ukoloni mpangilio ulikuwa wa nne-nne-nne: miaka minne ya shule ya msingi, minne ya kati, minne ya sekondari. Kila mwisho wa miaka minne palikuwa na mtihani. Uliotisha kuliko yote ulikuwa wa darasa la nne, kwa sababu mtoto wa miaka kumi au kumi na moja alikuwa anaambiwa amekwisha. Wazee wengi wa vijijini wanaosema waliishia "la nne" hawakuacha shule kwa hiari yao. Nafasi ndizo zilizoishia hapo.

Jibu la tatu, mtihani, likawa sera rasmi baada ya Uhuru. Ubaguzi wa rangi katika uandikishaji uliondolewa kisheria mwaka 1962, na muda mfupi baadaye ada za sekondari nazo zikafutwa. Hapo mlango ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye alama, isipokuwa mlango wenyewe ulikuwa mwembamba mno. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Nyerere alitoa hesabu bila kuipaka rangi: mwaka 1961 nchi nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kidato cha sita walikuwa 176 tu. Mwaka 1967 sekondari walifika 25,000, na bado ni kama asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi ambao wangepata nafasi. Chukua darasa la watoto 45 katika kijiji cha Ikungi: sita wanakwenda, 39 wanabaki. Ndiyo maana kijitabu kile kilihangaika sana na mashamba ya shule. Mwandishi wake alijua kwamba waliobaki ndio shule.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitwaa shule za misheni. Ilboru ikawa ya serikali. Alliance ikaitwa Mazengo, jina la chifu wa Wagogo, na kanisa likaacha kuamua nani aingie.

Jibu la nne ndilo ninalolipenda zaidi kulieleza, kwa kuwa wengi walioishi chini yake hawakulijua. Mtihani ukiachwa peke yake hutoa nafasi kwa mikoa iliyotangulia. Kilimanjaro, Kagera na maeneo mengine yenye shule nyingi za misheni yangejaza sekondari za taifa kila mwaka, na Singida ingepata makombo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ikagawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa, kulingana na idadi ya wahitimu wa darasa la saba, na mikoa ikagawa kwa wilaya. Wasichana wakatengewa sehemu yao. Maana yake, mtoto wa Iramba alishindana na watoto wenzake wa wilaya yake, ambao nao walisoma kwa kibatari na kuchota maji kabla ya kengele. Alama iliyomwingiza yeye ingeweza kumwacha nje mtoto wa Moshi. Moshi walilalamika, tena kwa sauti, kisha wakachanga na kujenga sekondari zao za binafsi kwa kasi ambayo kufikia miaka ya 1980 ilibadilisha ramani ya elimu ya nchi. Mgawo uliokusudiwa kuisogeza Singida mbele ukaisukuma Kilimanjaro ijenge.

Ni katika kipindi hicho Ilboru ilipokuwa njia ya kawaida kwa mtoto mwenye akili wa Singida, safari hii kwa barua ya serikali badala ya barua ya mchungaji. Tundu Lissu, mzaliwa wa Mahambe, Ikungi, alisoma huko katika miaka ya 1980. Mwigulu Nchemba wa Iramba alisoma huko miaka kama kumi baadaye, kisha akaenda Mazengo. Wanasiasa wawili ambao hawakubaliani karibu katika lolote wametoka katika mkoa mmoja, wakapita geti moja. Wasichana waliofanya vizuri sana waliangukia Msalato, Dodoma, au Tabora. Shule hizi chache baadaye zilipewa hadhi ya shule za vipaji maalumu, na huchukua kutoka nchi nzima.

Barua ya kujiunga ilikuwa na ukurasa mmoja ambao familia iliusoma mara nyingi kuliko mwingine: orodha ya vifaa. Godoro, mashuka mawili, ndoo yenye mfuniko, sahani, kijiko, jembe lenye mpini, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, tranka na kufuli. Kwa familia ya wakulima wa uwele orodha hiyo ilikuwa na bei ya ng'ombe. Ada ilikuwa imefutwa au ni ndogo, na bado wapo waliofaulu wasiende. Waliokosa kitu kimoja walifika hivyo hivyo, wakaazima jembe siku ya kukaguliwa.

Jibu la tano ni ujirani. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004. Mwaka huo nchi ilikuwa na sekondari 1,291 zenye wanafunzi 432,599. Mwaka 2009 sekondari zilikuwa 4,102 na wanafunzi 1,466,402. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni shule za kata. Wananchi walileta mawe, mchanga na maji, vitu ambavyo Singida, ukiacha maji, haina shida navyo. Walimu hawakupatikana kwa kasi hiyo, wakaletwa vijana waliofundishwa kwa wiki chache, na mtaa ukawaita "voda fasta". Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambamo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri kabla hayajapangwa upya, yaliwafanya wengi waidharau shule ya kata. Mimi siidharau. Kabla yake, wale 39 wa Ikungi hawakuwa hata na nafasi ya kufeli.

Tangu Januari 2016, ada ikiwa imeondolewa hadi kidato cha nne, karibu kila anayefaulu darasa la saba hupangiwa shule, kwa kawaida ya kata yake. Neno "kata" lakini linadanganya. Kata za Manyoni na Itigi ni kubwa, na mtoto anayekaa mbali hupanga chumba karibu na shule, anachokiita geto, akijipikia ugali akiwa na miaka kumi na nne. Wasichana ndio wanaolipia zaidi mpango huo, na ndiyo sababu kila mkutano wa wazazi huishia kwenye mjadala wa hosteli.

Uingereza iliyotuachia mfumo wake nayo ilipita njia hii. Miji yake midogo ya soko ilikuwa na shule kongwe za tangu karne ya 16, na sheria ya mwaka 1944 ikafanya sekondari kuwa bure huku mtihani wa watoto wa miaka 11 ukiamua nani aende shule ipi. Mwaka 1965 serikali ikazitaka halmashauri ziachane na mchujo huo, na shule nyingi kongwe zikaanza kupokea watoto wa jirani. Matokeo yake wenye fedha walinunua nyumba karibu na shule nzuri. Mwenye fedha wa Singida hufanya kinyume: anampandisha mwanawe basi la alfajiri kwenda bweni la Arusha au Morogoro, na shule iliyo jirani na nyumba yake anawaachia watoto wa mpangaji wake.

Kwa sababu hiyo sekondari nyingi kongwe za miji ya mikoa siku hizi zina nyuso mbili. Kidato cha kwanza ni watoto wa kutwa wa kata za karibu. Kidato cha tano, kinachopangwa na TAMISEMI, huleta vijana kutoka kila kona ya nchi. Mwenge nayo hupokea kidato cha tano kwa utaratibu huo, na mji uliozoea kutuma vijana nje hupokea wageni wenye matranka.

Mlango utabanwa upya hivi karibuni. Sera ya elimu iliyozinduliwa Januari 2025 inafanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Watakaomaliza darasa la sita kwa mtaala mpya mwaka 2027 watamaliza pamoja na darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani, na makundi yote mawili yanatarajiwa kidato cha kwanza Januari 2028. Wakuu wa shule za kata wameshaanza kuhesabu madawati.