Feza imekwenda, mchezo unagoma: ilikuwa namna gani kwa Cyberpunk 2077?

Tarehe 10 Desemba 2020, kampuni CD Projekt ya Poland ilitoa mchezo wa video Cyberpunk 2077. Watu walikuwa wanaungojea tangu miaka mingi, na mwaka ule siku ya kutoka ilisogezwa mara tatu. Lakini wengi wenye PlayStation 4 na Xbox One, mashini za tangu 2013, walijuta: picha zilikwama-kwama, vitu vilichelewa kuonekana, mchezo ulijizima katikati.

Juu ya nini? Mji wa ndani ya mchezo ni mkubwa, umejaa watu na magari. Mashini haiwezi kuubeba wote mara moja; inausoma kipande kwa kipande kutoka kwenye diski, kadiri mchezaji anavyotembea. Diski za mashini za zamani zinasoma polepole, basi mji unachelewa kufika. Mu Januari 2021 kampuni ilikubali kwamba iliizarau kazi hiyo.

Wiki moja tu baada ya kutoka, Sony iliuondoa mchezo kwenye duka lake la intaneti na kuahidi kurudishia wanunuzi feza. Ulirudi mu Juni 2021, kiisha kutengenezwa.

Kwa kijana wa Goma ao Bunia, matengenezo nayo yana bei: yanashushwa kwa intaneti, na mega zinaisha. Afazali kungoja wiki kazaa, na kuuliza kwanza mwenye mashini ya namna ile ile: kwake unacheza ao unagoma?