KUNUNUA MOTOKAA YA DIZELI ILIYOKWISHA TUMIWA

Mtu wa Ogwedhi aendapo kununua maksai wa kulima hafanyi haraka. Humtazama meno, humtembeza, humpapasa nundu, tena huuliza amelelewa wapi na amevuta jembe kwa miaka mingapi. Lakini mtu huyo huyo aendapo Migori au Kisumu kununua motokaa ya dizeli iliyokwisha tumiwa, ambayo bei yake yapita bei ya maksai wengi wakiwekwa pamoja, mara nyingi hutazama rangi, huketi kitini, huzungusha usukani, husikia injini ikinguruma, kisha hutoa fedha. Sababu yake ni kwamba tangu utoto amesikia watu wakisema kuwa dizeli haifi.

Neno hilo lina ukweli ndani yake, ila si ukweli wa kila injini, wala wa kila safari.

Ogwedhi iko karibu na mpaka wa Kaunti ya Migori na Kaunti ya Narok, mahali ambapo mashamba ya Wajaluo yanakaribiana na malisho ya Wamaasai. Katika sehemu kama hizo motokaa si pambo. Huchukua mahindi sokoni, huleta mbolea na mabati, na usiku humpeleka mgonjwa hospitali. Tena motokaa yenyewe hununuliwa aghalabu kwa fedha za watu wengi: akiba ya chama, bei ya ng'ombe waliouzwa, mkopo wa ushirika wa akiba, na fedha alizoleta kijana afanyaye kazi Nairobi. Ikisimama baada ya miezi miwili, anayepata hasara si mtu mmoja. Karo za shule huguswa, na mkopo hauachi kudaiwa. Kwa hiyo yafaa mnunuzi ajue ni kitu gani hasa kinachoifanya dizeli idumu, na ni kitu gani kinachoiua.

Injini hii ilibuniwa na Rudolf Diesel, ambaye mtambo wake ulifanyiwa majaribio na kufaulu mjini Augsburg, katika Ujerumani, mwaka 1897. Katika injini ya petroli mafuta huwashwa kwa cheche ya plagi. Katika dizeli hamna cheche. Hewa hubanwa kwa nguvu ndani ya silinda, na kwa kubanwa huko hupata joto kali sana. Ndipo mafuta hunyunyizwa, yakawaka yenyewe. Injini ya petroli hubana hewa mpaka ibaki kama sehemu moja katika kumi ya nafasi yake ya kwanza. Dizeli huibana mpaka sehemu moja katika kumi na tano, au hata ishirini na zaidi. Chuma kisicho imara hakiwezi kustahimili mambo hayo. Ndiyo maana dizeli za kale ziliundwa nene na nzito, nazo zikaenda polepole, zikadumu miaka mingi.

Mfano wake ni injini ya Toyota iitwayo 5L, iliyotiwa katika Hilux na Hiace nyingi. Haina turbo, haina kompyuta ya kuendesha mafuta, na pampu yake hufanya kazi kwa chuma tu. Fundi wa Rongo au wa Awendo mwenye spana nzuri na akili timamu anaweza kuifungua na kuirudisha. Haina mbio, na penye kilima chenye mzigo dereva hana budi kuwa na subira. Lakini sifa ya kutokufa ilipatikana kwa injini za namna hii.

Dizeli za siku hizi ni kitu kingine. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani ilianza kutia katika malori mtambo ambao huweka mafuta katika bomba moja nene kwa shinikizo kubwa mno, kisha kompyuta huamuru kila nozeli inyunyize kiasi gani na wakati gani. Mtambo huo umeenea katika magari madogo pia. Shinikizo hilo laweza kufika mara 1,600 ya shinikizo la hewa ituzungukayo, na katika magari mengine hupita hapo. Matundu ya nozeli ni membamba kama unywele. Faida yake ni kubwa: motokaa huwa na nguvu, hula mafuta kidogo, wala haitoi moshi mwingi. Lakini chembe ya uchafu au tone la maji ambalo pampu ya zamani ililimeza bila kukohoa, mtambo huu haulisamehe. Nozeli zikiharibika, bei ya nne mpya yaweza kumshtua mwenye motokaa kuliko bei ya injini nzima ya zamani.

Hapo ndipo habari ya mafuta inapoingia. Mafuta ya dizeli, pamoja na kuwaka, ndiyo yalainishayo pampu na nozeli. Mafuta ya taa ni mepesi, hayana ulaini huo. Kwa miaka mingi wafanya biashara wadanganyifu katika Kenya walichanganya mafuta ya taa na dizeli kwa kuwa mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo. Hata hivyo mafuta yauzwayo katika madumu kando ya njia hayajulikani yalikotoka, wala hayajulikani yamekaa na maji kiasi gani. Basi mnunuzi amwulize muuzaji alikuwa akitia mafuta wapi. Akijibu kwamba alikuwa akinunua po pote palipo rahisi, hilo ni jibu la kutia maanani.

Kuna jambo la pili ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu hata kidogo, nalo ndilo linalowaangusha zaidi watu wa mashambani. Dizeli nyingi za karibuni zina chujio katika bomba la moshi la kunasa masizi. Chujio hilo hujaa. Likijaa, kompyuta huongeza joto mpaka kadiri ya digrii 600, masizi yakaungua, chujio likawa safi tena. Lakini kazi hiyo yataka motokaa iende kwa mwendo wa sawasawa barabarani kwa muda wa dakika kumi na tano, au ishirini, au zaidi. Motokaa itembeayo kutoka nyumbani mpaka sokoni, ikazimwa, ikawashwa tena kurudi, haipati nafasi hiyo. Masizi huzidi kujaa, taa huwaka mbele ya dereva, na nguvu hupungua. Mafuta yaliyonyunyiziwa kazi hiyo isiyomalizika huweza kuteremka na kuchanganyika na mafuta ya kulainisha injini. Tena machujio hayo yaliundwa kwa nchi zenye mafuta safi kabisa. Japani dizeli ina salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni, hali katika Afrika Mashariki kipimo kilichowekwa Januari 2015 kilikuwa 50. Hicho kilikuwa kipimo chema kushinda cha zamani, lakini hakikuwa sawa na cha Japani.

Mafundi wengine hutoa shauri la kulikata chujio na kulitupa. Motokaa itakwenda, ni kweli, lakini masizi yote hutoka nje penye watoto wa mwenye motokaa na wachuuzi wa kando ya njia. Mwezi wa Juni mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Mnunuzi akiona bomba limekatwa na kuunganishwa upya, ajue kuwa mwenyewe wa kwanza alishindwa na chujio hilo.

Mtu aweza kusema kwamba dawa yake ni kuagiza motokaa ya zamani yenye injini nyepesi kutengenezwa. Haiwezekani. Kanuni ya Kenya, inayosimamiwa na Shirika la Viwango, hairuhusu kuingiza motokaa iliyopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo dizeli ishukayo leo bandarini Mombasa ni ya namna mpya, nayo aghalabu ina chujio. Zile za kale hupatikana humu nchini tu, nazo zimekwisha pita katika mikono mingi. Mnunuzi basi anachagua kati ya mzee mwenye mifupa migumu aliyefanya kazi nyingi, na kijana mwenye nguvu asiyestahimili chakula kibaya.

Kabla ya kuchagua yampasa afanye hesabu ya safari zake. Tuseme motokaa ya petroli huenda kilomita 10 kwa lita moja, na ya dizeli iliyo sawa nayo huenda kilomita 13. Mwalimu atembeaye kilomita 60 kwa juma hutumia lita 6 za petroli, au lita 4 na nusu hivi za dizeli. Kwa mwaka mzima hataokoa zaidi ya lita 75. Kiasi hicho hakitoshi kununua nozeli moja, na kwa safari zake fupi chujio litajaa. Mtu huyo heri anunue ya petroli, hata jirani wakimcheka. Lakini mfanya biashara achukuaye mahindi mpaka Kisii na Kisumu, kilomita 600 kwa juma, huokoa lita 14 hivi kila juma, karibu lita 700 kwa mwaka; tena dizeli ina nguvu ya kuvuta mzigo kwa mwendo mdogo, na safari ndefu za barabara kuu husafisha chujio zenyewe. Kwake dizeli ni haki.

Akiisha kukata shauri, aende kuitazama motokaa asubuhi na mapema, tena amwambie muuzaji asiiwashe kabla hajafika. Akifika aweke mkono juu ya injini. Ikiwa ina joto, kuna jambo lililofichwa, kwa sababu dizeli mbovu huwaka vizuri ikiwa moto na hukataa ikiwa baridi. Iwashwe, na mtu asimame nyuma kutazama moshi. Moshi mweusi kidogo anapokanyaga kwa nguvu si ajabu katika injini za kale. Ukiendelea, hewa haitoshi au nozeli zinamwaga. Moshi mweupe usiokoma ni mafuta yasiyowaka, au maji yaingiayo ndani ya silinda. Moshi wa kibuluu ni mafuta ya injini yanayoungua, na huo ni ugonjwa wa turbo au wa ringi za pistoni.

Kisha afungue kifuniko cha kutilia mafuta ya injini hali injini inakwenda. Pumzi kidogo ni desturi. Ikitoka kwa kusukuma kama birika lichemkalo, silinda zimelika. Mafuta ya injini kuwa meusi si kosa, maana katika dizeli huwa meusi siku chache baada ya kubadilishwa, na watu wengi hukataa motokaa nzuri kwa sababu hiyo ya bure. Jambo la kuogopa ni mafuta yaliyopita alama ya juu ya kijiti cha kupimia na yenye harufu ya dizeli. Rejeta nayo itazamwe ikiwa baridi: maji yenye utando wa mafuta, au mapovu yasiyokwisha injini ikienda, ni dalili kwamba kichwa cha silinda kimepasuka au gasketi yake imekufa. Injini iliyooshwa ikang'aa asubuhi ya kuuzwa haina sifa kuliko ile yenye vumbi, maana vumbi huonyesha mahali mafuta yanapovuja.

Saa ya kilomita isiaminiwe peke yake, kwa kuwa hurudishwa nyuma. Mpira wa pedali uliolika na usukani uliong'aa kwa mikono haviwezi kuwa vya motokaa iliyokwenda kilomita 60,000 tu. Aulizwe mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, ikiwa injini ina mkanda na si mnyororo. Ukikatika barabarani, vali na pistoni hugongana, na mara nyingi injini huharibika papo hapo.

Hatimaye kuna karatasi. Namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na zile za hati ya umiliki, ambayo watu huiita logibuku. Jina la mwenye motokaa laweza kutafutwa katika daftari za NTSA, halmashauri iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, kwa njia ya mtandao wa eCitizen. Benki ikiandikwa pamoja na mwenyewe, deni halijaisha. Fedha zote zisitolewe kabla muuzaji hajaanza kuhamisha umiliki.

Katika fedha za kununulia, sehemu fulani iwekwe kando isiguswe, hata kama itampasa mnunuzi kuchukua motokaa ya bei ndogo zaidi. Siku ile ile motokaa ifikapo nyumbani, fedha hizo zitumike kwanza kubadilisha mafuta ya injini, chujio lake, chujio la dizeli na la hewa, na mkanda ikiwa tarehe yake haijulikani. Chini ya chujio la dizeli, katika magari mengi, kuna skrubu ndogo ya kutolea maji. Dereva aonyeshwe mahali ilipo, na aifungue mara kwa mara katika majira ya mvua mpaka dizeli itoke bila maji.