Wikiendi Ndefu Mtwara: Hesabu Zinaanzia Kibaha na Kisarawe

Kikoba chetu kina akina mama wa pande mbili za Mkoa wa Pwani. Sisi wengine tunakaa Kibaha, kuanzia Maili Moja hadi Kwa Mathias. Wenzetu wako Kisarawe, njia ya Minaki. Tukishamaliza hisa na marejesho, linapitishwa fungu la tatu: fedha ya matembezi. Mimi ndiye mweka hazina. Kwa hiyo mtu akisema "twendeni mahali", maswali ya pili yananiangukia mimi: kwa shilingi ngapi, na kazini tunarudi lini?

Huwa nawaambia kwamba wikiendi ndefu inahesabiwa kwa saa. Ukipata Ijumaa hadi Jumatatu, toa kwanza saa za barabarani, toa na za kulala. Zinazobaki ndizo za matembezi, na ni chache kuliko mtu anavyodhani. Mwenye kutaka kuona kila kitu kwa saa hizo atarudi amechoka kuliko alivyoondoka.

Safari ya karibu kwetu ni Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwezi Juni 2024, mtu wa Kisarawe anapandia Pugu, na wa Kibaha vijijini anapandia Soga, mradi achague treni ya kawaida inayosimama vituo vya njiani. Lakini Morogoro unaweza kwenda Jumamosi yoyote na kurudi usiku. Wikiendi ndefu haziji kila mwezi. Ikija, itumike kwa mahali ambapo Jumamosi moja haifiki. Ndipo likatajwa jina la Mtwara.

Mama mmoja wa Kisarawe, mtu mzima, aliguna. "Kusini? Wanangu, nyie hamkuijua ile njia. Mie nimelala Ndundu nikisubiri kivuko, mvua inanyesha, na msiba unatungoja Lindi."

Hakutia chumvi. Kwa miaka mingi, mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yakikolea, Lindi na Mtwara zilikuwa kama zimefungiwa mlango. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilometa moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Hata hapo mateso hayakuisha, kwani kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilometa 60, kilichelewa sana kupata lami. Leo lami inakwenda hadi Mtwara, na basi hutumia saa nane hadi kumi kutoka Dar es Salaam kwa safari ya kilometa 560 hivi. Ndege ya Air Tanzania hutumia kama saa moja tu, ila kwa mfuko wa kikoba hiyo tumewaachia wenye nazo.

Bibi huyo alikuwa na hoja moja ambayo bado ina nguvu: mvua. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Kwa hiyo Pasaka, ingawa ina siku nne kamili za mapumziko, siipendi kwa safari ya kusini, maana huangukia masika. Sikukuu za kiangazi ndizo zetu: Sabasaba, Nanenane, na kumbukizi ya Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba. Serikali yetu haisogezi sikukuu ili iungane na Jumamosi, basi lazima kuchungulia kalenda mapema. Mwaka 2025 tulibahatika: Sabasaba iliangukia Jumatatu na Nanenane ikawa Ijumaa. Wenzangu Waislamu huniongezea la kwao: nitazame pia mwezi wa Ramadhani uko wapi, maana safari ya kufunga si ya kutembea juani.

Sasa kuondoka. Watu wa Kibaha tuko jirani na kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi. Wa Kisarawe kuja Mbezi ni kuzunguka mji bure. Basi la kusini lazima lishike barabara ya Kilwa, kwa hiyo wao hushuka Gongo la Mboto, wakatafuta gari la Mbagala, na kulisubiri basi Rangi Tatu. Jambo hilo lisemwe siku ya kukata tiketi: viti fulani vitajazwa Mbagala. Tiketi zikatwe ofisini, kwa jina la kila msafiri, na ziwe zile za mashine. Mpiga debe aachwe na debe lake. Mabasi ya usiku yapo, na wapo wanaoyapenda kwa kuwa yanaokoa gharama ya gesti. Mimi nachagua la alfajiri. Ukisafiri mchana unaiona Rufiji, unanunua maembe njiani, na unafika jioni ukiwa na nguvu ya kuoga na kula.

Kuhusu fedha, fungu nalikata mara nne: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula pamoja na bajaji za mjini, na akiba ya dharura ambayo haiguswi hadi tupite tena daraja la Rufiji. Nauli ya kurudi hulipwa kabla hatujaondoka. Malazi nayapigia simu mara mbili, wiki moja kabla na siku moja kabla, na maswali yangu hayabadiliki: maji yanatoka? Chandarua kipo? Chai imo kwenye bei? Mwenye gesti akikwepa moja kati ya hayo matatu, natafuta kwingine.

Na hapo hutokea mjadala wa ndugu. Kila kikundi kina mtu mwenye shangazi Mtwara, na shangazi akisikia tumelala gesti atanuna. Tulikubaliana hivi: ndugu atembelewe, apelekewe sukari na kitenge, chakula cha mchana kiliwe kwake, ila usiku kila mtu arudi gesti. Kundi la wanawake likihamia nyumba ya mtu, mwenyeji ndiye asiyepumzika.

Mtwara inafaa kwa siku chache kwa sababu mambo yake yako karibu karibu. Mji wenyewe ni mtoto wa mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Walitaka kulima karanga Nachingwea na kusafirishia hapa, wakajenga bandari na reli, wakapima barabara pana za mji mkubwa. Mradi ulikufa mwaka 1951, reli ikang'olewa baadaye, barabara pana zikabaki. Ndiyo maana anayetoka kwenye foleni ya Kimara huona mji huu una nafasi ya kupumua.

Jumamosi tunaiweka Mikindani, kilometa kama kumi tu kutoka mjini, bajaji zinafika. Huko ndiko kwenye ukale: nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya nakshi, na boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo sasa ni hoteli. David Livingstone alifikia Mikindani mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara. Asubuhi moja inatosha kuuzunguka mji wote kwa miguu, mchana ni wa pweza na wali wa nazi, jioni ni ya ufukwe wa Shangani.

Jumapili wanaokwenda misa huenda kanisa la Mtakatifu Paulo, lenye kuta zilizojaa picha kubwa za Biblia zilizochorwa na Padri Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani. Hata wenzangu wasio Wakristo huingia kuzitazama baada ya misa. Mchana uliobaki ni wa soko: ming'oko ya kuchemsha, ambayo huku kwetu huipati, na korosho zilizobanguliwa. Watu wa Kisarawe hudai wana mikorosho yao nyumbani. Ndio hao hao hurudi na vifurushi vikubwa kuliko vya wote.

Msimbati tunaiacha, isipokuwa kundi likodi gari lake. Ufukwe ni mzuri mno, umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kiingilio hulipwa. Lakini kwenda na kurudi kunakula Jumapili nzima, kwa hiyo ni soko au Msimbati. Na mwenye usiku mbili tu asifike Mtwara kabisa. Akunje Nangurukuru aende Kilwa Masoko, avuke kwa boti kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Barabara yake ni karibu nusu ya ile ya Mtwara.

Kurudi ni Jumatatu kwa basi la kwanza. Wa Kisarawe wanashuka Mbagala, sisi tunamalizia Mbezi, na kabla ya usiku kuwa mkubwa kila mmoja yuko kwake.

Kwa kikundi kinachotaka kujaribu, kalenda ya 2027 nimeshaichungulia. Sikukuu ya Muungano, 26 Aprili, ni Jumatatu; inatamanisha, lakini ni masika, iacheni. Tarehe 14 Oktoba ni Alhamisi. Ombeni ruhusa ya Ijumaa peke yake, mtapata siku nne za kiangazi. Michango ianze mwezi huu, na mweka hazina awe mtu asiyeona haya kukataa.