Fyuzi Pekee Haimlindi Mtu

Askari wengi wa polisi nchini Uganda wamelea jamaa zao katika nyumba za mabati ziitwazo yuniporti. Waya uliochubuka ukigusa bati, nyumba nzima huweza kuwa na umeme, na mtoto aushikaye mlango akadhurika.

Wengi hudhani fyuzi itawaokoa. La hasha! Fyuzi ya ampea 5 hulinda waya. Lakini hata sehemu 3 za mia za ampea moja, zikidumu kifuani, zaweza kuua.

Kinga ifaayo ni swichi ya kukata umeme unaovuja. Hiyo hulinganisha umeme uendao na ule urudio; tofauti ikifika miliampea 30, hukata mara moja. Walakini, bati lisipofungwa waya wa ardhini, swichi huenda ikangoja mpaka mtu aguse. Likifungwa, umeme hukatwa pale pale uanzapo kuvuja.

Basi vyote viwili viwepo, fundi mwenye leseni avifunge, na kitufe cha majaribio kibonyezwe kila baada ya miezi 3. Askari alindaye raia, naye alindwe nyumbani kwake. Tahadhari kabla ya hatari.